Spika za kaka yangu wa Tandika zilivyonifundisha kutoiogopa hasi kwenye Circuit Analysis

Wakuu, salaam zenu popote mlipo. Mwenye chai na aiweke pembeni kidogo.

Hiki kisa ni changu mwenyewe, cha juzijuzi tu. Chumvi sijaongeza. Mkikuta pilipili kidogo mnisamehe, ndivyo nilivyo.

Mimi ni dada wa diploma ya umeme, mwaka wa mwisho, chuo kimoja hapa hapa Dar. Somo lililonitoa jasho ni Circuit Analysis, uchambuzi wa saketi za umeme. Nilipata sup, mtihani wa marudio, na kwa utaratibu wa chuo chetu nikifeli na hiyo sup nina-disco, yaani nafutwa chuo, nafungasha narudi Newala.

Na huko Newala mama alishawatangazia majirani kwamba mwanawe anakuja injinia. Mpaka msikitini wanajua.

Sasa hesabu zenyewe sikuwa mbovu. Kilichokuwa kinanimaliza ni alama ya hasi.

Mwalimu alitufundisha hivi: kabla hujakokotoa chochote, chora mshale wa mkondo, uelekeze upande wowote unaotaka. Kwenye resista, kile kipingamizi cha mkondo, pale mshale unapoingilia weka chanya, unapotokea weka hasi. Kisha zunguka saketi nzima ukijumlisha voltage mpaka urudi ulipoanzia, jumla iwe sifuri. Kwisha.

Hayo maneno "upande wowote unaotaka" yalikuwa yananikera sana. Inakuwaje mimi niuchagulie umeme pa kwenda?

Chukueni mfano huu. Betri mbili, moja volti 6, nyingine volti 9, chanya imetazamana na chanya, katikati resista ya ohm 3. Mimi nachora mshale utoke kwenye ile ya 6. Nazunguka: 6 toa 3I toa 9, sawasawa na sifuri. Jibu, I ni hasi 1.

Tangu shule ya msingi hasi kwangu ni kosa tu, ni wino mwekundu. Basi nafuta mshale, naugeuza. Ila zile chanya na hasi za kwenye resista naziacha kama zilivyo. Nakokotoa tena, hasi. Naurudisha mshale, hasi tena. Karatasi inatoboka kwa kufutwa, muda wa mtihani unaisha, nabaki nimeitumbulia macho.

Ndivyo nilivyofeli wakuu. Nilikuwa nageuza kitu kimoja na kuacha mwenzake.

Wiki ya mwisho kabla ya sup nikahamia kwa kaka yangu Hamisi, Tandika, nipate kusoma kwa utulivu. Utulivu gani sasa, Jumamosi yake mdogo wa wifi alikuwa na kitchen party, sherehe ya kumfunda bi harusi, pale pale uani.

Kaka ni fundi kabati, kibanda chake kiko Manzese. Maboksi ya spika anachonga mwenyewe, na huwa anafunga na spika zenyewe ndani. Kwa ajili ya sherehe alileta mawili makubwa, mapya, yananukia vanishi. Asubuhi alijaribu la kwanza, besi ikatikisa mabati. Akachomoa, akajaribu la pili, mabati vilevile. Tukaenda kupika tukiwa na amani.

Mchana wamama wamejaa, akaunganisha yote mawili, akafungulia. Wakuu, ngoma ikatoka nyembamba, kama ya kiredio cha mkulima. Sauti ya mwimbaji ipo, besi hakuna kabisa.

Wifi akamjia kaka amejishika kiuno. "Baba Zuhura, watu wamevaa sare kwa ajili ya mziki huu?"

"Amplifaya imezingua hiyo," kaka akasema. "Spika zangu mie nazijua."

"Mbona asubuhi ilikuwa inapiga, na amplifaya ndiyo hiyo hiyo?"

Mimi nilikuwa chumbani na daftari langu, nikatoka kwa kuwa hata kusoma kwenyewe kulishanishinda. Nikamuuliza, "Kaka, chanya na hasi za spika umezifuata?"

"Spika haina mambo hayo, dada. Waya ni waya. Ikilia imelia."

Niseme ukweli, kwa spika moja kaka yuko sahihi. Ukigeuza nyaya zake italia vilevile na hakuna sikio litakalojua. Ndiyo maana mafundi wengi wa kule hutumia waya wowote uliobaki, na huu wa kaka ulikuwa mweusi pande zote mbili.

Nikatoa betri kwenye rimoti ya TV. Nikachomoa nyaya za spika ya kwanza kwenye amplifaya, nikazigusisha kwenye betri kwa sekunde moja tu, ule uliokuwa chanya ya amplifaya kwenye chanya ya betri. Ile karatasi ya mbele ikasukuma nje. Nikaenda ya pili, nikagusisha kwa mpangilio ule ule. Ikavuta ndani.

Hapo ndipo nilipoelewa. Moja inasukuma hewa, mwenzake anaivuta, besi inaliwa hapo katikati. Spika nzima zote mbili, mbovu haipo, ila hazijakubaliana chanya ni ipi.

Nikageuza nyaya za ile ya pili. Nikachukua rangi ya kucha ya wifi, nyekundu, nikadondosha tone kwenye chanya ya kila boksi ili kaka asipotee tena.

Akafungulia. Wamama hawakusubiri kuitwa, uwanja ukajaa. Kaka akanitazama akacheka, "Kumbe hicho chuo mnafundishwaga." Nilijisikia raha ambayo sikuwa nayo kwa miezi.

Lakini kichwa changu kilikuwa kimeshaondoka pale. Ile spika iliyovuta ndani haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inaniambia tu kwamba iko kinyume na nilivyodhani. Je, na ile hasi yangu ya kila siku?

Nikarudi chumbani, besi inatikisa kitanda, nikafungua lile swali la 6 na 9. Mshale sikuugusa. Alama sikuzigusa. Hasi 1 ikaja, nikaiacha. Maana yake mkondo ni ampia 1, unakwenda kinyume na mshale wangu, kutoka kwenye betri ya 9 kuingia kwenye ya 6. Mwenye nguvu anamsukuma mdogo, jambo la kawaida kabisa. Nilicheka peke yangu.

Siku ya sup, swali la kwanza saketi ya vizunguko viwili. Nikaanza na alama kwanza, chanya hapa, hasi pale, kabla ya namba yoyote. Mkondo wa tawi la katikati ukaja hasi. Mkono ulishakwenda kwenye kifutio, nakwambieni ukweli. Nikaurudisha. Nikaandika chini yake: mwelekeo halisi ni kinyume na mshale. Nikageuza ukurasa.

Matokeo yametoka. C, na kwa sup pale kwetu hakuna gredi ya juu zaidi ya hiyo. Nikampigia mama, nikamwambia nimefaulu.

"Kwani ulikuwa unafeli?" akaniuliza.

Nilikuwa sijamwambia. Nikasema hapana mama, nakujulisha tu.

Nilichojifunza: chagua mwelekeo wako, weka alama zako, halafu uzishikilie mpaka mwisho. Ukikosea kubahatisha, hasi itakwambia kwa upole na jibu lako halipotei. Linalopotea ni la anayebadili katikati.

Najua wapo watakaokuja na elektroni, kwamba zenyewe zinatoka hasi kwenda chanya. Karibuni, ila mje na saketi yenu mmeizungusha mpaka mwisho. Akili ni nywele, na mwenye njia nyepesi zaidi ya kuwaeleza wadogo zetu wenye sup aiweke hapa chini.

Kaka yeye amejinunulia chupa yake ya rangi ya kucha, iko kibandani Manzese kando ya randa. Wateja wakimuuliza ya nani, anasema ya injinia.