Ndg. na Ndugu Yangu

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shamba la mkonge Korogwe, wakati shamba lilipotoka mikononi mwa serikali na kununuliwa na mtu binafsi. Meneja mpya alikaa wiki moja tu, kisha akaniita. Mkononi alishika barua nilizompelekea kutia saini.

"Hizi Ndg., Ndg. kila mahali ni za nini?"

Nikamweleza kwamba ndivyo tulivyofundishwa: kila mtu ni Ndugu, awe mkurugenzi au mfagizi.

"Hayo yamepita. Andika Bw. au Bi. Ndugu ni mtu mliyezaliwa naye."

Nikazichapa upya zote, na wala sikuumia. Kwetu Handeni ndugu ni mtoto wa mama, ni mtoto wa baba mdogo, hata jirani mnayesaidiana kulima. Ni mtu anayeweza kukujia bila taarifa. Bw. haina madai hayo. Nililipenda neno lile fupi, safi, la kiofisi.

Mwezi haujaisha, kaka yangu akatokea mlangoni, gunia la mahindi begani, kandambili zimeshikwa kwa waya. Meneja alikuwa amesimama kando ya meza yangu.

"Huyu nani?"

"Ndugu," nikasema.

"Ndugu yako?"

Niliitazama miguu ile yenye vumbi jekundu.

"Hapana. Ndugu tu, kama tulivyokuwa tunaandika zamani. Mtu wa huko kwetu."

Kaka alinitazama mara moja, akatua gunia, akavua kofia. "Shikamoo mzee. Natafuta kibarua."

Akaambiwa aanze kesho kukata mkonge, nami nikaambiwa nimwandikishe. Nikamuuliza jina la baba. Akataja la babu, ili lisifanane na langu. Nikachapa Bw., halafu hilo jina la uongo.

Alikata mkonge siku tatu. Jioni ya siku ya tatu alikuja chumbani kwangu, mtaa wa Kilole, mikono imechanwa na miiba. Nilipoanza kuomba radhi alinikatiza. "Kula, mdogo wangu. Ugali unapoa." Siku ya nne akarudi Handeni, gunia akaniachia.

Wiki ile ile nilijikaza nikaingia kwa meneja. "Mzee, yule kibarua alikuwa kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Hakuinua macho kwenye karatasi zake. "Yupi?"

Nikatoka.

Sikukuu ilipofika nilikwenda nyumbani. Mama alitupakulia, akaketi kati yetu, akaniuliza kama kaka yangu alipofika kazini kwangu nilimpokea vizuri.

"Alinipokea vizuri, mama," kaka akajibu, akanisogezea bakuli la mboga.

Mama alifurahi. Mimi nilitazama chini, nikamega tonge, nikalichovya katika bakuli lile.