Dirisha la Bibi Pasi

"Ana mwanamume ndani," Mama Redio alisema, ameinama bombani anasugua ndoo yake. "Mwanamke hafungi dirisha mchana kweupe, na joto lote hili, kama hana anachokificha. Na mashati nimeyaona kwa macho yangu mawili. Jana la bluu, leo la mistari. Kila siku shati jipya!"

"Mama Redio, yule ni dobi," nikamwambia.

"Dobi, dobi! Na wewe Mama Bonge utoto haujakutoka. Dobi gani anafanya kazi gizani? Ni dobi au ni popo?"

Wanawake waliokuwa nyuma yetu wakacheka. Mimi pia nikacheka, maana maneno ya Mama Redio yanakuchekesha hata kama hutaki. Lakini nilipojitwisha ndoo nikageuka kulitazama lile dirisha la kona. Kweli lilikuwa limefungwa, mbao zake mbili za kijani zimekutana, na katikati unapenya moshi mwembamba. Nikasikia mtu anakohoa.

Kwa mgeni, dirisha likifungwa ni dirisha limefungwa tu. Sisi tuliopanga nyumba hii tunajua kwamba Bibi Pasi na dirisha lake ni kitu kimoja. Siku nilipohamia hapa, tumbo limenitangulia na godoro nyuma yangu, yeye ndiye mtu wa kwanza kunisalimia, na alinisalimia kutokea dirishani. "Mwanangu, usibebe hilo. Mwite huyo baba yake alibebe, au alikulaghai kwa maneno ya bure?" Mume wangu akalibeba mbio.

Pale dirishani pana meza ndefu iliyotandikwa blanketi la kijivu, limeungua pembe moja. Juu yake pana pasi ya mkaa, ile ya zamani yenye jogoo wa chuma mbele, na kopo la maziwa lililotobolewa kifuniko, la kunyunyizia maji. Bibi Pasi anapiga nguo huku anaongea na mtaa mzima bila kuinua macho. "Mwalimu, kola hii imeanza kukubana shingoni. Ndoa imekukubali." Au kwa kijana wa chumba cha nne: "Wewe, kifungo hiki kimeng'oka tangu mwezi uliopita. Oa, au nunua sindano."

Nilipojifungua, Bonge wangu alikuwa hataki kulala popote isipokuwa juu ya shuka za Bibi Pasi zikiwa bado na uvuguvugu. Nilimlaza hapo karibu kila mchana, mimi nimekaa kwenye kigoda, namtazama mama yule akifanya kazi. Ndipo nilipojua tabia yake moja. Alichokikuta mfukoni mwa mtu, alikirudisha mfukoni mwa mtu, akafunga na kifungo. Siku moja ilianguka picha ndogo kutoka kwenye suruali, picha ya mwanamke. Akaigeuza, sura ikaangalia meza. Akaipiga suruali mpaka ikanyooka, kisha akairudisha picha mahali pake.

"Ni mzuri?" nikamuuliza.

"Sijamwangalia. Hakuja kupigwa pasi huyu."

Ndiyo maana Mama Redio hampendi. Wamekaa jirani miaka yote hii, na hajapata kwake hata habari moja ya kutangaza.

Basi siku ile ya maneno ya bombani, mchana, nikachukua sare ya kazi ya mume wangu, nikambeba Bonge, nikaenda kugonga.

"Nani?"

"Mimi, Mama Bonge."

"Uko peke yako?"

"Niko na Bonge."

"Bonge aingie. Na wewe ingia, ufunge."

Ndani joto lilikuwa kama la sufuria iliyofunikwa. Taa imewashwa mchana. Moshi wa mkaa umejaa hadi darini, na Bibi Pasi amejifunga khanga kichwani, jasho linamchuruzika hadi kidevuni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, Bibi. Mbona unajiua hivi?"

"Marahaba. Mama Redio anasemaje huko nje? Niambie, usinifiche."

"Anasema una mwanamume."

"Yuko pale." Akanionyesha kwa kidevu shati la mistari lililoning'inia kwenye msumari. "Hana kichwa, ndiyo maana tunaelewana."

Tukacheka, kisha kicheko chake kikageuka kikohozi. Akaiweka pasi juu ya kigae chake, akafuta mikono kwenye khanga, akaketi. Sijapata kumwona akiketi na mkaa ungali mwekundu.

"Mama Bonge, simu yako si ni ile ya kuonea picha?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi mimi nimo humo."

Nikadhani joto limempanda kichwani. Akanieleza. Kuna msichana aliyeleta sketi, akamwangalia usoni, akaanza kucheka mpaka akajishika mbavu. Akasema jamani, kumbe ni wewe! Ndiwe yule wa 'nakuja kukunyoosha'! Akataka wasimame pamoja wapige picha. Bibi Pasi akamuuliza kukunyoosha nini, na nani. Msichana akamwonyesha kwenye simu.

"Nikajiona. Nimeachama mdomo, macho yamenitoka, pasi iko juu kama ya kumpasua mtu kichwa. Na maandishi chini yake. Msichana ananiambia hiyo ni stika, Bibi, kila mtu anayo. Mke akimgombeza mumewe, anamtumia. Bosi akimtisha mfanyakazi, ananituma mimi. Ananiambia nifurahi."

Nikafungua simu yangu. Kwenye kundi la wapangaji wa nyumba yetu, wiki iliyopita, Mama Redio alikuwa ametuma kitu kwa wale ambao hawakufagia mtaro. Kwangu kilibaki kivuli cha kijivu tu, kwa sababu siku ile kifurushi cha intaneti kilikuwa kimeniishia. Nikakigusa, kikafunguka. Alikuwa ni yeye. Wamemkata kama mtu anavyokata ua kwenye kitambaa, hakuna dirisha, hakuna ukuta, hakuna meza, yeye na jogoo wa chuma tu. NAKUJA KUKUNYOOSHA.

Mama Redio, mwenye kujua kila kitu, alimtuma jirani yake mwenyewe kwa wapangaji wote, na hakumtambua.

Mimi niliitambua mara moja siku aliyopigwa picha ile, kwa sababu nilikuwepo. Bonge alikuwa amelala kwenye shuka. Bibi Pasi alikuwa anapiga blauzi nyeupe, kile kisimu chake cha vitufe amekibana kati ya bega na sikio, anasikiliza. Alikuwa anaambiwa kwamba mdogo wake wa kiume, wa tumbo moja, hayupo tena. Kilio kikamtoka. Na kilipomtoka, mkono ukainuka wenyewe, ukaipeleka pasi juu, mbali na ile blauzi. Nilikimbia kuishika kabla makaa hayajamwagika. Watu walisimama dirishani, ndiyo, niliziona sura zao. Simu iliyompiga sikuiona. Blauzi ya watu haikupata hata doa.

"Hawajui, Bibi," nikasema.

"Najua hawajui. Picha haina sauti. Wangesikia, labda wasingecheka."

"Tuwaambie waifute. Mimi nafuta yangu sasa hivi."

"Futa, mwanangu, ahsante. Na za mji mzima atafuta nani? Maji yamemwagika hayo."

Bonge akawa anavuta ncha ya blanketi. Bibi Pasi akainuka, akaenda kwenye kioo chake kilichopasuka, akatia vidole nyuma yake, akatoa picha ya rangi nyeusi na nyeupe, kingo zake zimekatwa kama meno ya msumeno. Watoto wawili wamesimama mbele ya ndege. Msichana ana gauni la kola pana. Mvulana ana shati jeupe, mkono wa shati una mstari wa pasi unaoweza kukata mkate.

"Huyu ni mimi. Huyu ni yeye. Na shati hilo ndilo la kwanza kulipiga maishani mwangu. Mama aliniambia, leo mdogo wako namkabidhi kwako. Nililipiga, nikalirudia, mpaka akalia kwamba tutachelewa."

"Mlikuwa uwanja wa ndege?"

"Uwanja wa ndege wa wapi! Ni pazia hilo, limechorwa ndege. Studio ilikuwa nyuma ya duka la nyuzi. Palikuwa na kitana kimefungwa kamba ukutani, kila mtu anachana hicho hicho. Palikuwa na koti moja la wateja wote. Ukiwa mwembamba wanakubana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo, mbele unaonekana waziri." Akatabasamu, na lile joto nikalisahau kidogo. "Yule bwana alikuwa hapigi mpaka umwambie tayari. Anatia kichwa kwenye kitambaa chake cha kamera, anauliza, tayari? Mdogo wangu akasema bado. Anataka mstari wa mkono uonekane. Akauweka hivi. Tayari? Bado. Akauweka vile. Bwana yule akatoka kwenye kitambaa, akaketi kwenye kigoda, akanywa chai yake. Hakumwambia fanya haraka wewe. Alimngoja mtoto wa miaka saba kama anavyongojwa mtu mzima. Mwisho mdogo wangu akasema tayari, na ndipo mashine ikalia. Angalia mdomo wake."

Nikaangalia. Meno ya mbele yanaonekana, midomo imevutwa pembeni. Ni kweli. Mtoto yule alikuwa bado yuko kwenye ile "ri" ya mwisho.

"Baadaye yule bwana alitembea mpaka kwetu kumuomba mama aiweke picha kwenye kioo cha studio, wapita njia waione. Mama akamwambia weka, lakini usiiache sana, watu wasije wakawazoea wanangu. Mtu akishaizoea sura yako, hakusalimii tena. Na kweli aliitoa."

Akaifuta ile picha kwa ncha ya khanga, ingawa haikuwa na vumbi.

"Tuliporudi nyumbani jirani akatuuliza mlikuwa wapi, mdogo wangu akajibu kwa sauti, tumekwenda kupiga picha. Tulipiga sisi, unasikia? Yule bwana alishika mashine tu. Ile ya dirishani sikupiga mimi. Nilipigwa. Sasa anayepigwa ni nani? Si shati? Shati halina hiari, unalilaza, unaligeuza, unalinyoosha. Mimi si shati, Mama Bonge."

Kisimu cha vitufe kikalia mezani. Akakitazama, hakukipokea.

"Ni mtoto wake," akasema. "Mtoto wa mdogo wangu. Amejifungua, na kila siku ni wimbo mmoja. Shangazi, nitumie picha yako niibandike karibu na ya baba, mwanangu amjue bibi yake. Nimemwambia sina. Nimemwambia subiri. Ukweli ni kwamba simu ikiinuliwa tu, hata kama mtu anaangalia saa, moyo unanidunda. Ndiyo nimefunga dirisha."

Simu ikanyamaza, ikaanza tena.

"Lakini nimewaza. Yule mtoto atakua. Ataokota simu ya mama yake kama huyu Bonge anavyookota yako. Na atakayekutana naye humo ni yule." Akaionyesha simu yangu mkononi kama mtu anayeonyesha mbwa mkali. "Ataniogopa kabla hajanijua. Damu ya mdogo wangu, initoroke mimi?"

Safari hii akapokea. Nikasikia sauti ya mwanamke kijana na kichanga kinalia nyuma yake. Bibi Pasi akasema maneno machache tu. "Leo. Nimesema leo. Itakuja kwako, na isitoke kwako." Akakata.

Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Akatoa gauni lake mwenyewe sandukuni, la kola pana, akalitandaza juu ya blanketi, akalinyunyizia maji. Akapulizia mkaa. Akalipiga taratibu, kola, mikono, kiuno, bila kuongea na mtu. Akaingia nyuma ya pazia, akatoka amelivaa, amechana nywele, khanga ameiacha huko. Akasimama mbele ya ukuta, akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Giza hili litanifanya mchawi. Nifungulie dirisha, mwanangu."

Nikasukuma zile mbao mbili. Mwanga ukaingia wote kwa pamoja, moshi ukatoka mbio kama ulikuwa umefungwa jela. Nje Mama Redio alikuwa anapita na ndoo yake kichwani. Akasimama, akachungulia, hakuona kitu ila mimi, mtoto, na mwanamke aliyevaa gauni lililonyooka.

"Karibu, jirani," Bibi Pasi akamwambia. "Mwanamume unayemtafuta yuko msumarini. Lakini leo usiingie, nina shughuli."

Mama Redio akashika ndoo vizuri. Akaenda zake polepole.

Nikamweka Bonge kwenye shuka, nikainua simu. Nilimwona Bibi Pasi akishtuka, bega lake moja likarudi ukutani. Nikaishusha kidogo. Akavuta pumzi. Akalishika gauni pale mkononi, akauweka ule mstari wa pasi hivi, kisha akauweka vile. Kidole changu, kwa mazoea tu, kilikuwa tayari kiko juu ya kitufe.

Akaniinulia kiganja.

"Usibonyeze, mwanangu. Mpaka niseme. Na nikikawia kusema, nisubiri."