Mkeka Usioingia Sindano

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikikuona umevaa bluzi lako jeupe la uuguzi, mwanangu, na si siku ya kujisifu. Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa nimetoka kusomea uuguzi Uvira, nimerudi kufanya kazi katika hospitali ya kwetu Baraka, na cheti mkononi na maringo kichwani. Hakuna aliyeupata mshipa wa mtoto haraka kama mimi, na nilihakikisha hospitali nzima inalijua hilo.

Tulikuwa na mtoto wa miaka sita, Asende, kutoka Ubwari, ng'ambo ya ghuba. Taya lake la kushoto lilikuwa limevimba hadi jicho likaanza kufunga. Ilikuwa kansa, na daktari alisema dawa ingeweza kuushusha uvimbe ule, mradi dozi zisikatizwe. Kabla ya kila dozi ilibidi tumtoe damu, tuone kama mwili unaweza kuibeba dawa. Aliyemlinda ni bibi yake. Alimpikia uani na kulala chini ya kitanda chake, kama walinzi wa wagonjwa wafanyavyo hadi leo.

Mwenye kufagia chumba cha watoto aliitwa Mama Riziki. Kila asubuhi, akimaliza kupiga deki, alitandika mkeka karibu na dirisha. Aliweka juu yake vizibo vya chupa, vipande vya chandarua, mabomba ya sindano yaliyong'olewa sindano na kuoshwa vizuri, na mwanasesere wa kitambaa aliyemshona mwenyewe. Watoto wenye nguvu walishuka vitandani kucheza. Sheria zake zilikuwa mbili tu: anayekanyaga mkeka avue viatu, na juu ya mkeka hakuna matibabu, hata ya kidonge kimoja. Leo wanakuja watu wenye vitabu kutufundisha jambo hilo, wanaliita tiba kwa njia ya mchezo, nami nafurahi sana. Mama Riziki aliliita mkeka, basi.

Mimi niliuona ule mkeka ni uchafu na kupoteza muda. Tena, nisikufiche, niliona haya kuambiwa na mfagiaji nivue viatu.

Asubuhi moja damu ya Asende ilihitajika mapema, na kitandani alikuwa mgumu, anapiga mateke. Nilimkuta mkekani akivua ndakala, wale dagaa wa ziwani, kwa kipande cha chandarua. Ndakala wake walikuwa vile vizibo. Alikuwa anacheka, mwanangu, kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima. Nikamwita mwenzangu, nikavua viatu vyangu taratibu, nikaingia. Mkono mmoja niliuficha nyuma.

“Asende, nionyeshe samaki yako,” nikamwambia.

Akaunyosha mkono kunionyesha. Nikaudaka mkono ule ule. Mwenzangu akambana mabega, na damu nikaipata kwa mara moja. Nilitoka pale nikijipongeza. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote: nilijipongeza.

Tangu hapo Asende hakucheza tena. Alijificha chini ya kitanda, akauma mkono wa kila aliyemgusa, akakataa uji. Dozi yenyewe tulimpa kwa kumfunga. Siku ya kutoa damu kwa ajili ya dozi iliyofuata ilipofika, bibi yake alikuwa ameshafunga sufuria na nguo ndani ya beseni.

“Docta, mi narudia na mutoto wangu ku Ubwari,” akaniambia, maana kwetu hata muuguzi huitwa docta. “Boti iko naenda kesho asubui. Kama ni kufa, afe kwetu, penye bantu hawamukamate kama mwizi.”

Nilimweleza habari za dozi, nikapaza sauti, nikamwita mjinga. Naam, mtu mzima kama yule nilimwita mjinga mbele ya wenzake. Aliendelea kulikaza beseni lake. Aliyenijibu ni Mama Riziki, aliyenivuta hadi uani, fagio bado lipo mkononi.

“Docta, ule mukeka ni pale tu mutoto alikuwa anajua hakuna muntu atamuumiza,” akasema. “Kansa ilimunyanganya chakula na usingizi. We umemunyanganya ata pale. Sasa atakuamini wapi?”

Nikaanza kujitetea. Akanikata.

“Uende umuombe musamaha. Si bibi yake tu. Ye mwenyewe.”

Kumuomba msamaha mtoto wa miaka sita! Nilizunguka ua ule mara tatu kabla sijakubali. Kwanza nilimwomba radhi bibi. Kisha nikavua viatu, nikakaa kwenye ukingo wa mkeka na mikono yangu wazi juu ya magoti, ionekane. Nikasema kwa sauti kwamba nilimdanganya Asende na kwamba nilikosa. Asende alibaki chini ya kitanda. Nilikaa hadi miguu ikafa ganzi.

Mwishowe akatoka akitambaa. Akaokota bomba moja lisilo na sindano, akanishika mkono.

“Itauma,” akaniambia. “Ulie kama unataka. Lakini usitikise mukono. Nitakuambia wakati naanza.”

Akanitoa damu ya kuigiza, na mimi nikalia machozi ya kweli. Maneno yale ndiyo aliyotamani kuyasikia kwangu, na hakuna aliyewahi kumwambia. Baadaye, kitandani, nilimwambia yeye hayo hayo, neno kwa neno. Alilia sana. Mkono hakuutikisa. Boti iliondoka bila wao.

Alimaliza dozi zote, taya likashuka, akarudi Ubwari akiwa amevaa shati jipya. Ningefurahi kuishia hapo, lakini nimekwisha kukuambia kwamba sitakuficha kitu. Baada ya miezi michache ugonjwa ulirudi kichwani, bibi akamleta tena kwetu, na safari hii dawa haikuuweza. Siku yake ya mwisho aliomba alazwe mkekani. Dawa ya maumivu tulimpa kwanza kitandani, tukamwambia itauma, kisha tukambeba. Muuguzi mmoja mgeni akaja na sindano yake ya kutoa damu. Nilisimama mbele yake. “Hapa hapana,” nikamwambia. Asende alisikia. Alifunga macho, ameshika kizibo, bibi akimshika miguu, na hapo mkekani hakuna aliyemchoma tena.

Sasa kesho unaanza kazi katika chumba cha watoto, mwanangu. Usimwambie mtoto kwamba haiumi wakati unajua inauma. Usiugeuze mchezo wake kuwa mtego, hata kama daktari ana haraka, hata kama una haraka wewe. Muachie mahali pamoja ambapo ugonjwa hauingii, hata pakiwa padogo kama mkeka. Ukikosea, na utakosea, muombe radhi yeye mwenyewe. Na anayefagia chumba msikilize, maana anaona mengi ambayo sisi tunayapita mbio.

Mungu aibariki mikono yako, aufanye ulimi wako uwe wa kweli. Na siku mtoto atakapokunyoshea mkono akuonyeshe samaki wake, tazama samaki.