Gari la Kumvuta Ukungu

Mji mzima ulimwita Mama Farasi, hata watu ambao hawajawahi kumwona juu ya farasi. Alikuwa mrefu, si mtu wa maneno mengi, na viganja vyake vilikuwa vigumu kwa kushika hatamu mvua na jua. Alifundisha watoto kupanda farasi kwenye uwanja wa kukodi nyuma ya kiwanda cha matofali. Farasi wake walikuwa watatu: madume wawili wazee wasioweza kumdhuru hata nzi, na jike mmoja wa kijivu aitwaye Ukungu, mwenye kovu refu begani.

Kovu lile lilikuwa na historia yake, na historia hiyo ilimhusu mumewe.

Mume alikuwa mshona matandiko, mrefu hata kuliko mkewe. Alishona kwa mkono, uzi mara mbili, na alipenda vitu vizuri kuliko vitu imara. Ndiyo maana alinunua gari la kijani lililong'aa kama embe bichi, viti laini, injini isiyosikika. Siku moja alikuwa akishuka mteremko mrefu wa kutoka mjini, Ukungu akiwa nyuma kwenye trela. Trela likaanza kuyumba. Farasi ni mzigo ulio hai. Akihamisha mguu, uzito wote unahama naye. Gari lilikuwa jepesi, halikuweza kulishika trela, likasukumwa hadi nje ya barabara. Ukungu alitolewa mzima, bega limechanika. Mume hakutolewa mzima.

Watu wa bima walikuja kulichukua gari wakati matanga bado hayajaanuliwa. Mama Farasi alitia sahihi bila hata kutoka nje kulitazama.

Tangu hapo kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Kila alipoendesha gari, la kuazima au la kukodi, akifika kwenye mteremko wowote alisikia kwato nyuma yake. Haikuwa sauti ya vurugu. Ilikuwa ya farasi anayehama mguu mmoja kwenda mwingine, ubao ukilia kidogo chini yake, kama anayetafuta namna ya kusimama vizuri. Akitazama kiooni, nyuma hakuna trela wala farasi, ni barabara tu na vumbi lake mwenyewe.

Hivyo akaacha kuendesha. Miaka miwili alitembea kwa miguu, na pengine angetembea hadi kufa, kama mwenye uwanja asingeuza ardhi yake kwa watu wa kujenga maghala. Malisho mapya yalipatikana, mazuri na ya bei nafuu, lakini yalikuwa ng'ambo ya mteremko ule ule. Madume wawili walikubali kupanda lori. Ukungu alikataa. Walimvuta, wakambembeleza, wakamfunga macho, akaketi kwa matako kama mbwa na kumuuma mwenye lori. Alikubali trela moja tu duniani, lile la zamani, ambalo lilinyooshwa baada ya ajali na kuachwa chini ya turubai.

"Basi tununue gari la kulivuta," alisema wifi yake, dada wa marehemu. "Na safari hii si la kuangaliwa. La kufanya kazi."

Wifi huyu alikuwa mfupi, mnene, na ulimi wake haukuwa na likizo. Aliuza vitambaa, na aliamini kwamba anayejua kuchagua kitambaa hashindwi kuchagua chochote. Walimchukua na fundi mmoja wa gereji aliyeitwa Kimya, kwa sababu wateja walisema ukimsalimu leo anakujibu kesho.

Yadi ya magari yaliyotumika ilikuwa pembeni ya barabara kuu, kokoto chini, bendera za plastiki juu. Dalali wa hapo aliitwa Asali, na jina lilimfaa.

"Karibuni, akina mama. Leo mmeamka na bahati. Mnataka gari la kwendea wapi?"

"La kuvuta farasi," alisema wifi.

Asali alicheka, akifikiri ni mzaha. Alipoona hawacheki, akakimeza kile kicheko. "Basi njooni kwa hili. Jekundu, magurudumu yote manne yanavuta, redio yake utadhani umekaa ukumbini."

Kimya alilala chini, akaingia mvunguni, akatoka. "Hapana," alisema.

"Hapana nini, fundi?"

"Hili halina fremu ya chuma. Bodi tupu, kama kopo. Trela likivuta kulia, nalo linakwenda kulia."

"Uzuri wa mkakasi," wifi akadakia, "ndani kipande cha mti. Linalofuata."

La pili lilikuwa gari kubwa la dizeli, la rangi ya udongo, limebonyea hapa na pale kama sufuria ya shule. Milango ilifungwa kwa kubamizwa. Lakini Kimya alikaa mvunguni muda mrefu, na aliposikika alikuwa akigonga chuma na kutoa sauti ya kuridhika puani. Fremu nzima, alisema. Kulabu ya kuvutia ipo na haijachakaa. Gia ndogo ya milimani inaingia bila ugomvi. Kutu ipo, lakini ya juu juu.

"Kizuri chajiuza," alinong'ona wifi, "kibaya chajitembeza. Angalia, hili hata hakutaka kutuonyesha."

Na kweli Asali alikuwa tayari amewashika mikono kuwapeleka kwa la tatu. "Kabla hamjaamua. Hili limeingia juzi. Mwalimu mstaafu, kazi yake kwenda kanisani na kurudi. Kaeni tu, msikie kiti."

Lilikuwa jeupe, rangi mpya, safi. Mama Farasi alifungua mlango wa dereva na kukaa, si kwa kulipenda bali kwa sababu miguu ilikuwa imechoka. Kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma kabisa. Ingawa alikuwa mrefu, mguu wake haukufika kwenye breki. Akanyoosha mkono kutafuta pa kushika, ukaangukia kirungu cha gia.

Kilikuwa kimevishwa ngozi ya kahawia, imeshonwa kwa mkono, uzi mara mbili. Pembeni mshono uliruka hatua moja kisha ukarudi.

Aliujua mruko ule. Yeye ndiye aliyemwita mumewe wakati akishona, kumwambia chakula kipo tayari, naye akageuka na sindano ikakosea. Alikuwa amesema, "Umeniharibia kazi, mke wangu," lakini alicheka na hakufumua.

Mama Farasi hakupiga kelele. Alikaa palepale, injini imezimwa, yadi ni tambarare kama meza, na nyuma yake akasikia kwato zikihama. Kushoto. Kisha kulia. Kisha kimya, kama kitu kilichosimama kikimsubiri aanze safari.

"Wifi," alisema taratibu. "Njoo ushike hapa."

Wifi aliingia upande wa pili, akashika, akapapasa kwa dole gumba kama anavyopapasa kitambaa. Uso wake ukabadilika.

Kimya alitoka mvunguni mwa lile jeupe akifuta mikono. "Hili limekatwa katikati na kuungwa. Kuna kulehemu pande zote mbili, rangi imepakwa juu. Ndani ya mlango, kwenye bawaba, rangi ya zamani ilikuwa kijani."

"Tunalichukua," alisema wifi ghafla.

Mama Farasi akamgeukia.

"Ni mkono wa kaka yangu huu," wifi akasema, machozi yakimtoka bila yeye kuyajali. "Wewe una farasi wake, una trela lake, una nyumba yake. Mimi nina picha moja tu. Tutaliweka uani, hata lisiendeshwe. Kwani linataka kula?"

"Wifi, gari hili limemuua."

"Barabara ilimuua."

"Basi niambie utalala vipi nalo likiwa chini ya dirisha lako."

Wifi aliendelea kukishika kile kirungu. Mwishowe alisema kwa sauti ndogo, "Sitalala. Lakini hata sasa silali."

Walikaa hivyo, wawili, mlango mmoja wazi. Asali alisimama mbali kidogo, na kwa mara ya kwanza asali ilimkauka. Walipotoka, Mama Farasi alimwambia gari lile lilikotoka na asimuuzie mtu mwenye mzigo wa kuvuta. Asali alikuna shingo. "Mama, pole sana. Lakini gari halina kumbukumbu. Limetengenezwa, linatembea."

Walilichukua lile la rangi ya udongo.

Kimya alilifanyia kazi: breki mpya, nyaya za taa za trela, mnyororo wa akiba kwenye kulabu. Mama Farasi alijifunza upya kulirudisha nyuma likiwa na trela, ukigeuza usukani huku nalo linakwenda kule, na wifi akisimama pembeni akitoa amri zisizomsaidia mtu yeyote. Ilionekana mambo yanakaa sawa. Kisha Kimya akapiga simu, jambo ambalo peke yake lilikuwa la kutisha.

"Lile jeupe liko hapa gereji," alisema. "Kuna bwana anataka nilifunge kulabu. Ana trela."

Mama Farasi alikwenda kama alivyo, matope kwenye buti. Alimkuta mwanamume wa makamo mwenye miwani, mwenye duka la dawa, mtu mpole. Alikuwa amemnunulia binti yake farasi mdogo, na alitaka kumpeleka shamba kila mwisho wa wiki. Shamba lilikuwa ng'ambo ya mteremko.

"Nimeambiwa wewe ndiye Mama Farasi," alisema kwa furaha. "Binti yangu anakutaja kila siku. Ungependa kumfundisha?"

"Nitamfundisha. Lakini baba, usivute kitu na gari hili."

Akamweleza. Alieleza kwa ufupi, kama mtu anayesoma maelezo ya dawa: gari, mteremko, farasi, mume. Habari ya kwato aliiacha. Mwenye duka la dawa alisikiliza, na usoni mwake ilionekana wazi kwamba anamhurumia na hamwamini.

"Mama, magari meupe ni mengi. Huzuni wakati mwingine inatuonyesha…"

"Kaa kwenye kiti cha dereva," alisema Mama Farasi. "Umeshakirekebisha?"

Bwana yule alivua miwani, akaifuta. "Kila asubuhi nakisogeza mbele," alisema baadaye. "Kila asubuhi nakikuta nyuma. Nilidhani reli yake imelegea."

"Reli nimeitazama," alisema Kimya. "Haijalegea."

Kimya alilipandisha gari kwenye jeki na kumwonyesha zile alama za kulehemu, moja baada ya nyingine, na mwenye duka la dawa alizigusa kwa ncha ya kidole. Alipotoka pale chini alikuwa amekuwa mtu mwingine. Alisema hatafunga kulabu. Alirudi yadi kudai haki yake, na Asali akamwambia kilichouzwa kimeuzwa. Basi akalipeleka gari kwa wakata vyuma, akasimama kuangalia hadi lilipokatwa, akala hasara yake. Kirungu cha gia alikifungua mwenyewe na kukileta kimefungwa kwenye karatasi ya dukani kwake. Mama Farasi alimpa wifi. Wifi alikipokea kwa mikono miwili na hakufanya mzaha wowote kutwa nzima.

Siku ya kumhamisha Ukungu ilikuwa ya mawingu, barabara kavu. Jike yule alisimama mbele ya trela akipumua kwa nguvu. Mama Farasi aliingia kwanza, akasimama ndani, akampa mgongo, akangoja. Hakumwita. Baada ya muda alihisi pumzi ya moto shingoni.

Wifi alipanda mbele, akafunga mkanda. "Ukiona nasema sana," alisema, "ujue naogopa."

"Na ukinyamaza?"

"Nitakuwa nimekufa."

Juu ya mteremko Mama Farasi aliingiza gia ndogo kabla ya kuhitajika, kama Kimya alivyomfundisha. Gari lilinguruma na kuanza kushuka kwa mwendo wa mzee anayeshuka ngazi. Uzito ulikuja nyuma, ukagusa, ukasukuma. Gari halikutikisika. Lilibeba na kuendelea kunguruma. Wifi alikuwa akizungumza juu ya bei ya khanga, juu ya jirani yake, juu ya mvua.

Kisha kwato zikasikika. Ukungu alikuwa akihama mguu, kushoto, kulia. Mama Farasi alipumua. Safari hii palikuwa na farasi kweli. Lakini walipofika kwenye ile kona, ambapo majani hadi leo yameota kwa rangi tofauti, Ukungu alitulia kabisa. Kioo kilimwonyesha masikio yake yamesimama, hatikisiki hata mkia. Na kwato zikaendelea. Kushoto. Kulia. Ubao ukalia.

Wifi aliacha sentensi katikati.

Hakuna aliyegeuka. Mama Farasi alishika usukani, mguu wake mbali na breki, akaacha gia ifanye kazi yake hadi kona ikapita, hadi barabara ikanyooka, hadi bonde likafunguka.

"Wifi," alisema wifi baada ya muda mrefu. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi sawa. Nilidhani ni mimi tu, miaka yote hii."

Mama Farasi alimtazama. Miaka hiyo yote kila mmoja alikuwa amelibeba jambo lile peke yake, mmoja kwa miguu, mwingine kwenye basi na teksi, na nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Aliutoa mkono kwenye gia akaushika wa mwenzake, kisha akaurudisha, kwa sababu barabara ilianza tena kuinama.

Ukungu alishuka kwenye malisho mapya, akanusa upepo, akajigaragaza kwenye vumbi hadi kijivu chake kikawa kahawia. Binti wa mwenye duka la dawa aliletwa wiki iliyofuata, na farasi wake mdogo alivutwa na lile gari la rangi ya udongo. Mama Farasi huvuka mteremko ule mara nyingi sasa. Kwato hazijanyamaza. Hushuka nazo, kwa gia ndogo, na wifi akiwepo huacha maneno yake kwenye kona na kuyaokota upande wa pili.