Kanzu Nne za Jora Moja

Zamani, masika yakianuka, mwanamume wa Tanga aliupeleka mwili wake kwa fundi ukapimwa, ukatafutiwa nguo. Siku hizi anainama juu ya rundo lililomwagwa chini, anachakura kama kuku jaani, akitafuta nguo ya mtu asiyemjua ambayo mwili wake utaweza kujipenyeza ndani yake.

Zubeiri bin Sadalla aliyaona yote mawili, na hilo la pili ndilo lililommaliza. Alikuwa fundi wa kanzu mtaa wa Makorora. Hakutumia utepe wa kupimia. Kila mteja alikuwa na uzi wake wa katani uliopigwa mafundo, hapa urefu, hapa bega, hapa mkono, na nyuzi hizo zilining'inia ukutani nyuma ya cherehani. Mtu akihama, uzi wake ulibaki. Akifariki, Zubeiri aliuteremsha, akayafungua mafundo yake moja moja, kisha akauzika uani.

Mvua zikikoma, nguo za wanaume zilitoka masandukuni zikinuka ukungu. Wake wakazianika, wakazifukiza udi, na zilizochakaa zikaletwa kwa Zubeiri pamoja na wenyewe. Hapo ndipo baraza yake ilipochangamka. Na aliyeichangamsha kuliko wote alikuwa Mbarouk, Mpemba muuza halua, aliyefika kila mwaka na wanawe watatu, Saleh, Fadhil na Ayubu, wamepangwa kwa vimo. Kanzu zao nne za Idi sharti zitoke katika jora moja. Baba na wana wakienda kuswali Idi, watu wajue hawa ni nyumba moja hata kabla hawajawaona nyuso.

"Kata nikikuona, fundi," Mbarouk husema. "Mikasi ya watu wa Tanga ina meno ya ziada."

"Na mizani ya Wapemba je? Mwaka mzima nakula halua yako, hata shavu sijapata."

Wakacheka, wakanywa kahawa, na mafundo ya Ayubu yakasogezwa mbele kidogo, maana mtoto alikuwa anarefuka.

Kisha ikaja miaka ile ambayo maduka yalibaki na wauzaji tu. Sukari ikapotea, na halua ya Mbarouk ikapotea nayo. Nguo zikawa za kugawiwa, nazo hazikufika. Zubeiri alifumua kanzu kuukuu, akazigeuza ndani nje na kuzishona upya, ili upande uliojificha miaka yote upate kuona jua. Watu walikwenda kuswali Idi na kanzu zilizogeuzwa, wakamshukuru. Uvunguni mwa kitanda chake palikuwa na jora moja la bafta nyeupe alilolificha tangu enzi za neema. Mkewe, Tausi, peke yake ndiye aliyejua. Zubeiri alikuwa akilitunza kwa ajili ya wale wanne, siku mambo yatakapotengemaa.

Lakini siku moja baada ya alasiri Mbarouk alikuja peke yake, miguu imejaa vumbi. Mkewe, Salme, alikuwa amefariki asubuhi ile. Mbarouk alikuwa amezunguka mji mzima, amefika mpaka Tongoni kwa wakwe zake, hakupata sanda.

"Wanataka nimzike na shuka la kitanda, fundi. Lina maua."

Zubeiri aliingia ndani, akatoka na jora, akalikata lote mbele ya macho yake, na siku hiyo hakuna aliyetania mikasi. Salme alizikwa katika bafta ambayo hata matajiri wa mji hawakuwa nayo.

Baada ya hitima Mbarouk alimshika mkono mbele ya wanawe. "Nguo zikirudi mjini, Zubeiri, sisi wanne hatutavaa ya mtu mwingine kabla ya yako. Wallahi."

Maneno hayo ndiyo Zubeiri aliyoishi nayo. Cherehani likikosa uzi, Tausi akimwambia aende akauze samaki kama wenzake, yeye hujibu, "Nguo zitarudi. Mbarouk atakuja, na watu wakiwaona wale wanne watakuja wote."

Nguo zikarudi. Serikali ililegeza mkono, mipaka ikafunguka, na bidhaa zikamiminika kama maji ya bomba lililopasuka. Zubeiri aliuza kitanda chake cha samadari, akaagiza jora kwa mtu wa Horohoro, mpakani. Lakini kabla halijafika, yalifika marobota ya mitumba. Yalifunguliwa barabarani, ng'ambo ya baraza yake, yakatoa harufu ya dawa ya mende. Na aliyesimama juu ya rundo, akipiga makofi na kuita wateja kwa sauti ileile aliyoitia halua, alikuwa Mbarouk.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia mwisho wa masika. Zubeiri alingoja. Mbarouk alimpungia mkono kila asubuhi kutoka ng'ambo, akarudia kazi yake.

"Si umwendee umuulize?" akasema Tausi.

"Fundi hamfuati mteja. Mtu aliyeapa kwa Mungu haulizwi."

Mwezi ulipozeeka, akateremsha nyuzi nne ukutani, akalikata lile jora la Horohoro, lililokwisha kufika. Hakuwa amewahi kukata bila mwenye mwili kuwapo. Akashona kwa mkono darizi ya shingoni, hariri nyekundu, mpaka macho yakatoa machozi. Asubuhi ya Idi akazifukiza udi, akazifunga katika kanga ya Tausi, na yeye ambaye hamfuati mteja akavuka barabara, akaenda nyumbani kwa Mbarouk.

Aliwakuta wanatoka. Mbarouk alikuwa ndani ya koti zito lenye manyoya shingoni, jasho likimchuruzika masikioni. Saleh alivaa fulana yenye picha ya mlima wa theluji. Fadhil alikuwa na suruali iliyokazwa kwa kamba, na Ayubu jaketi jekundu lenye mistari.

"Shikamoo, mzee," wakasema vijana.

"Marahaba." Akaifungua kanga kidogo. "Mbarouk, nimewaletea."

Mbarouk aliuona weupe, akatazama pembeni. "Ah, ndugu yangu. Ungeniuliza kwanza. Mimi muuzaji, nikivaa kingine nani atanunua changu?"

"Ulisema nguo zikirudi."

"Nilisema. Zama zile, fundi."

Saleh akacheka, si kwa ubaya. "Mzee wetu, kanzu inataka pasi. Hii ya Ulaya unaikung'uta tu, unakwenda."

"Nyamaza wewe," baba yake akamkemea. Kisha akaingia ndani haraka, akatoka na suruali ya kijivu, akaiweka juu ya kanga, juu ya zile kanzu. "Na wewe Idi hii usiikose. Nilikuchagulia mwenyewe. Nzima, haina hata tobo."

Takbira zilianza kusikika kutoka uwanjani. Zubeiri alisimama na mzigo mikononi, asiweze kuipokea suruali wala kuirudisha. Mbarouk akamgusa bega, akawahimiza wanawe, na wakaondoka. Haukupita mwezi wakahamia Mombasa kufuata marobota.

Asubuhi ile ya Idi ndiyo mara ya mwisho Zubeiri kuwaona wote wanne pamoja. Walikwenda wakichanganyika na watu, huyu na koti, huyu na theluji, huyu na kamba kiunoni, huyu na wekundu wake, na walipofika kwenye kona mtu asiyewajua asingeweza kusema kwamba yule ni baba na wale ni wanawe.