Wattie Esplin na Ufalme wa Wapikti

Wattie Esplin alikuwa fundi wa kuezeka kwa kazi, mfalme wa Wapikti kwa siku moja kila Julai, na mbishi mwaka mzima. Hapa kijijini Balnamuir tulishamzoea. Ulimsalimia tu, na kabla hujajibiwa ameshakufikisha kwa Wapikti, wale watu wa kale waliotuachia jiwe lililochongwa picha za samaki na kioo, lililosimama katikati ya viazi vya Dod Mollison.

"Hawakutoka popote," alikuwa akisema. "Walikuwa hapahapa. Waliokuja kwa meli ni wageni, basi!"

Dod, kwa kuwa jiwe liko shambani kwake, alijiona ana haki ya kubisha. Yeye alishikilia hadithi ya zamani: Wapikti walitoka mbali, Skithia huko, wanaume peke yao melini. Waairishi wakawanyima ardhi lakini wakawapa wake, kwa sharti kwamba wakigombea ufalme, wafuate upande wa mama. Miaka nenda rudi wawili hawa walizozana baa, nasi tukanywa bia zetu tukiombea mmoja wao akaukiwe na koo.

Ajabu ni kwamba sharti lile la upande wa mama Wattie alilipenda. Aliila hadithi kama mtu anayekula nyama ya pai na kuacha ganda. Mfalme wa sherehe yetu ya Julai, yule anayepakwa rangi ya buluu na kupelekwa kwenye jiwe kwa tela la trekta, zamani alikuwa mjomba wake. Mjomba alipotaka kumwachia mwanawe, Wattie alikuja juu: "Wapikti hawarithishani hivyo! Ni mtoto wa dada!" Mtoto wa dada, kwa bahati nzuri, alikuwa yeye.

Sasa magoti yake yalikuwa yamechoka kupanda tela, na alitaka mwanawe Struan amrithi. Alilitaka jambo hilo mpaka akakosa usingizi. Tukakutana ukumbini kuamua, Dod akiwa mwenyekiti.

"Ni mtoto wa dada, Wattie," Dod akasema, meno yote nje. "Gavin wa dada yako."

Gavin akaacha kupuliza chai yake. "Jamani, ile rangi inanitoa vipele."

"Nyamaza, mfalme," Dod akamwambia. Kisha akamgeukia Wattie. "Ila njia ipo, mzee. Nuala wako ni Mwairishi. Kwa hadithi yangu, mama zao Wapikti wote walitoka kwao. Kwa upande wa mama, Struan anampita Gavin mbali! Kubali tu kwamba walikuja kwa meli. Sema hapa, watu wasikie."

Wattie akaiva uso. Mwaka huohuo wataalamu waliopima mifupa ya kale walikuwa wameelekea upande wake; kukiri sasa kulikuwa sawa na kutema tonge lililokwisha kutafunwa.

"Sisemi ng'o! Walikuwa wenyeji. Mtu wa kuja na meli hawezi..."

Nuala, mkewe, alikuwa nyuma akikata pai. Akaweka kisu chini.

"Hawezi nini, Wattie?"

"Mke wangu, nazungumzia Wapikti."

"Mimi nilishuka melini na sanduku moja, nakufuata wewe. Miaka yote hii nakusikiliza: wa meli ni wageni. Nimekulelea mtoto, nimemuuguza mama yako mpaka tukamzika, bado wa meli ni wageni. Nilidhani siku moja utajisikia mwenyewe."

Niliona haya, maana sote tulikuwa tukicheka maneno yale kila Jumamosi baa, na hata hapa ukumbini naye akituletea chai.

Wattie akamgeukia mkewe.

"Walikuja kwa meli," akasema polepole.

"Hatujasikia!" Dod akapiga meza.

"Walikuja kwa meli, bwege wewe! Na wale wanawake wasingekubali kuwafuata, wangekufa wote kwa baridi na ujinga wao, na wewe usingekuwa na jiwe la kuringia!"

Dod alishangilia mpaka miwani ikamdondoka. "Basi! Mfalme ni Struan!"

"Hapana," Wattie akasema. "Mpeni Gavin. Sitaki mke wangu adhani nimesema kwa ajili ya ufalme."

"Mjomba, vipele!" Gavin akalia.

Nuala akafuta macho kwa aproni, akamwekea kijana kipande kikubwa cha pai.

"Utazoea, mwanangu," akamwambia. "Sisi wenyeji tumezoea."