Mkwe Aliyepita Migombani

Juzi nilikuwa nimesimama barabarani Kisondela, nimezubaa natazama miparachichi, bodaboda ikashuka mbio. Mke wa mwanangu akapiga ukelele, "Baba, toka hapo!" akanivuta mkono mpaka shati likachanika. Watu walicheka. Mimi, rafiki yangu, niliketi kwenye majani, nikamkumbuka bibi.

Nilipokuwa mtoto, jioni bibi alimenya ndizi za mbalaga, vidole vyeusi kwa utomvu, mvua ikipiga bati, nasi wajukuu tukigombea nafasi karibu na moto. Hapo ndipo alipotupa habari za kilima chetu. Wakati wa Mjerumani, watu wa hapa walichoka kutozwa kodi na kubebeshwa mizigo. Wakawafukuza askari wake, wakamfukuza na malafyale, yule chifu aliyewasaidia askari hao. Wakasema sasa tunajitawala, kila nyumba ina sauti yake. Jamhuri yao ilidumu tangu maharage kupandwa hadi kuvunwa. Nilipomweleza mwalimu, alisema haimo kitabuni, nikae chini.

Mama yake bibi alikuwa ndiyo kwanza ameolewa. Wanawake walilima kule chini huku wakiichungulia barabara, na yeye ndiye aliyewaona askari wakirudi. Akapanda mbio kutoa habari. Kwenye kona akamkuta kiongozi wa kilima peke yake, amempa mgongo. Kiongozi huyo alikuwa baba mkwe wake. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mwanamke alikatazwa kumtazama baba mkwe, kukutana naye njiani, hata kusema naye. Basi akaingia migombani, akazunguka hadi mtoni kumtafuta mama mkwe ili yeye aipeleke habari. Ilipofika, nyumba zilikuwa zinawaka. Baba mkwe alipelekwa Tukuyu amefungwa kamba, hakurudi.

"Gwe, wewe mtoto, mama yangu alikuwa na adabu," bibi alikuwa akisema, kisu kimesimama mkononi. Majirani walisema adabu haizimi moto. Hata sisi watoto tukichelewa kisimani tuliambiwa, "Ndio hao wa kupita migombani." Nimemtetea yule mama tangu utotoni, na nimechoka.

Siku hizi kilima ni miparachichi mitupu, hakuna anayeuliza nani aliwahi kujitawala pale. Ile adabu nayo imekwenda. Mke wa mwanangu huniamkia akinitazama usoni, na mwanzoni iliniudhi. Jana alinishonea lile shati lililochanika, akaketi mbele yangu, akaninyooshea kola. Yule mzee aliyepelekwa Tukuyu alikufa bila kuijua sura ya mkwe wake.